Nilivyoruka Jina la Ripita

Juzi nilikuwa napita karibu na kibanda cha fundi wa simu pale Jogoo Road, mikono imejaa sukuma wiki na nyanya, nikapigwa na harufu ya lehemu. Ile ya moto, yenye kamoshi katamu kanakoingia puani na kukataa kutoka. Haki ya Mungu, nilisimama. Na miguu, hii miguu yangu ya mama mzima mwenye wajukuu wawili, ikataka kuruka. Fundi akainua kichwa: "Mathe, simu imeharibika?" Nikamwambia hapana kijana, endelea na kazi, mimi napitisha harufu tu. Akacheka, akadhani nimechanganyikiwa. Wacha adhani.

Ninyi mliokulia Eastlands enzi zetu mtakumbuka kwamba kila mtaa ulikuwa na kitu chake cha kujivunia. Wengine walikuwa na timu ya mpira, wengine walikuwa na bondia. Sisi wa Makadara, upande wetu, tulikuwa na mtambo. Ulikaa ndani ya kibanda cha mabati chini ya mnara wa tangi la maji, na juu kabisa ya tangi palisimama antena yake. Watu wazima waliuita ripita. Ulikuwa mali ya klabu ya watu waliopenda redio za mawasiliano, watu wenye kibali cha serikali cha kuzungumza hewani kwa raha zao tu. Mtu akiwa na kiredio kidogo huko Kayole, sauti yake haikuweza kufika mbali. Basi ripita iliidaka ile sauti dhaifu, ikaipaza upya kwa nguvu kutoka juu ya tangi, na mwenzake aliyeko upande wa pili wa mji akaisikia kana kwamba wamekaa meza moja. Hayo nimeyaelewa ukubwani. Utotoni nilijua tu kwamba tangi letu linaongea.

Na lilikuwa na sheria moja. Kila baada ya dakika kumi, lazima mtambo ujitaje. Useme jina lake hewani kwa lugha ya telegrafu, ile ya milio mifupi na mirefu, ili serikali ijue ni nani anayepiga kelele. Mtambo usiojitaja, au unaojitaja vibaya, unafungwa. Na kazi ya kuhakikisha kwamba ripita yetu inajitaja sawasawa ilikuwa ya baba yangu. Ufunguo wa kibanda ulining'inia kwenye mkanda wa suruali yake kila siku, hata kanisani.

Baba alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kufyatua masufuria kule Industrial Area, lakini ujanani alikuwa karani wa telegrafu katika stesheni ndogo ya reli huko kwetu magharibi, kwa hiyo ile lugha aliijua vizuri kabisa. Kifaa chenyewe cha kujitaja kilikuwa kizee. Ilikuwa sahani ya bati, ukubwa wa kifuniko cha sufuria ndogo, iliyokatwa meno ukingoni kote. Mota ya gramafoni iliizungusha polepole, na ulimi wa shaba ukapita juu ya meno. Jino jembamba lilitoa mlio mfupi, jino pana likatoa mrefu. Sahani ikimaliza mzunguko mmoja, jina limesemwa. Klabu za kwingine, tuliambiwa, zilishaacha zamani mambo ya sahani, zilikuwa na vikadi vya elektroniki. Vipuri vya kifaa chetu havikuuzwa popote duniani. Mkanda wa mota ukikatika, Baba alikata utepe kutoka tyubu ya baiskeli. Mota ikilia kwa ukavu, mafuta ya kujipaka ya Mama yalipungua. Mama akafoka, "Baba Nekesa, mtambo wako unang'aa kuliko mke wako!" Baba akatabasamu tu na kusema, "Sawa sawa."

Jumamosi alasiri ndiyo ilikuwa siku yangu. Baba aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Mama, twende tukamwone mgonjwa," alisema, nami nilitoka mbio hata kama nilikuwa na ugali mdomoni. Alifungua kibanda, akaketi kwenye kigoda kando ya mtambo, uso wake ukinielekea mimi niliyesimama nje kwenye sakafu ya saruji, ambapo sisi wasichana tulichora vyumba vyetu kwa chaki. Mnaujua ule mchezo: chumba kimoja unatua kwa mguu mmoja, viwili vilivyo sambamba unatua kwa miguu miwili. Basi Baba aliugeuza kidogo. "Ikilia mfupi, mguu mmoja. Ikilia mrefu, miguu miwili. Usiongeze, usipunguze."

Halafu tunangoja. Weee! Kungoja kule kulikuwa kutamu kuliko Krismasi. Mota inaguna, kitu kinabana, na spika ya kibandani inaanza: ti-ti-ti-ti-ti, mguu mmoja mara tano. Taa-taa-ti-ti, miwili, miwili, mmoja, mmoja. Ti-ti-ti-ti-taa, mmoja mara nne na kumalizia kwa miwili, pa! Zilifuata herufi nyingine ambazo siziandiki hapa, ni jina la watu. Nilitua ya mwisho nikihema, na Baba, ambaye hakuwa ameondoa macho kwenye miguu yangu hata mara moja, alipiga paja lake na kucheka. "Safi kabisa, Mama!"

Nilivimba kichwa, siwafichi. Baba za wenzangu Jumamosi hawakuonekana. Wangu mimi aliketi saa nzima akinitazama nikiruka, mzunguko baada ya mzunguko. Nilijua kabisa, kama ninavyolijua jina langu, kwamba ule mtambo ni kisingizio tu, kwamba jambo analolipenda hasa ni kuruka kwangu. Niliwaambia hivyo wenzangu, nao wakaniomba niwafundishe, na muda si muda wasichana wa mtaa mzima walikuwa wanaruka jina la ripita, mguu mmoja mara tano, bila kujua kwamba ni jina.

Kuna mengine niliyoyaona nikayaelewa kwa akili zangu. Redio ya nyumbani Baba aliiweka juu mpaka majirani wakagonga ukuta. Nikaona anajidai, anataka watu wajue tuna redio. Akiwa kibandani aliweka vidole viwili juu ya spika na kutulia. Nikaona anaupima homa, jinsi Mama alivyotupima sisi, maana si ameshasema ni mgonjwa? Ukimwita kwa nyuma hakugeuka. Nikaona ni ukali wa wazee. Kila kitu kilikuwa na maelezo yake na mimi nilikuwa na maelezo yote.

Klabuni alikuwepo kijana mmoja anaitwa Bwana Ndirangu, karani wa ofisi, mwenye miwani mizito na tabia ya kuongea akitazama viatu vyake. Alikuwa akija kibandani, anasimama nyuma ya Baba na kunong'ona jambo refu, na Baba bila kugeuka anajibu, "Sawa sawa," kazi inaendelea. Bwana Ndirangu alikuwa akiondoka amekunja uso. Siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake njiani, "Yule mzee hasikilizi mtu. Anajiona yeye ndiye mtambo." Nilimchukia kutoka siku hiyo.

Basi, jino moja likaisha. Lile la nne katika ile ti-ti-ti-ti-taa, jino jembamba kabisa, lililiwa na ulimi wa shaba taratibu mpaka ulimi ukawa unapita bila kuligusa. Nne zikawa tatu. Mimi nilisikia. Nataka mnielewe hapo: nilisikia vizuri sana. Jumamosi ile milio mitatu ililia, kisha pakawa na kapengo, halafu mrefu, nami nikaruka nne. Niliruka nne kwa sababu jina ni nne, kila mtu mtaani anajua ni nne, na wenzangu walikuwa wamesimama pembeni wakinitazama. Ningeruka tatu wangesema Nekesa amesahau, Nekesa amezeeka. Niliichomeka ya nne kwenye lile pengo na kutua kwa miguu miwili, pa. "Safi kabisa, Mama," Baba akasema. Na Jumamosi iliyofuata nikafanya vilevile.

Wiki ya tatu Bwana Ndirangu alikuja nyumbani na barua. Mkaguzi wa serikali alikuwa ameandika kwamba mtambo unajitaja kwa jina lisilo lake, tatu mahali pa nne, na kwamba atakuja Jumamosi mchana kuusikiliza mwenyewe. Ukikosea mbele yake, anaufunga. Bwana Ndirangu alimpa Baba ile barua aisome, halafu akamgeukia Mama, kwa sauti ambayo mara hii haikuwa ya kunong'ona. "Mama Nekesa, klabu imeamua. Mtambo ukikosea Jumamosi, mzee atoe ufunguo. Tutaagiza kikadi, mambo ya sahani yaishe." Baba alikuwa ameinamia barua.

Mgeni alipoondoka Baba aliniita nje, tukakaa kwenye ngazi. Aliniuliza taratibu, akinitazama mdomo: "Mama, Jumamosi zile mbili uliruka ulichosikia?"

"Niliruka jina, Baba."

"Jina, au mlio?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Mtambo ulisema nne?"

Nikaangalia chini. Baba akanishika kidevu, akainua uso wangu juu. "Ongea nikuone."

"Ulisema tatu," nikasema. "Mimi nikaweka nne. Nilitaka iwe safi."

Nilingoja kofi. Badala yake akaanza kusema kwa sauti yake kubwa ya kila siku, lakini safari hii akajaribu kuipunguza, na ikatoka imevunjika. "Mama, mimi masikio yangu yamekwisha. Masufuria yameyala, kidogo kidogo, miaka yote hiyo. Mama yako anajua. Sasa na wewe unajua. Ile lugha ya milio bado iko hapa," akagonga kichwa, "lakini haiingii tena. Inaingia kwa miguu yako tu."

Jamani. Nilihisi kama nimesukumwa kutoka kwenye ile ngazi. Redio ya kujidai, homa ya spika, ukali wa kutogeuka, vyote vilianguka kwa mpigo mmoja. Na kile kilichoniuma kuliko vyote, mtoto ni mtoto, kilikuwa hiki: kumbe hakuwa akinitazama mimi! Alikuwa anasoma. Nililia kwa ajili hiyo kwanza, kwa wivu wa mtambo. Ndipo kilio cha pili kikaja, kwa kuwa niliona nilichofanya. Mtu asiyesikia alikuwa ameazima masikio yangu, nami nikamsomea uongo mzuri mara mbili mfululizo.

"Wakijua kuwa sisikii," Baba akasema, "ufunguo umekwenda hata mtambo ukisema sawa. Sasa nyamaza kulia, tuna sahani ya kukata."

Siku zilizobaki tulikuwa kama watu wenye harusi. Kila jioni Baba akirudi kazini alikuta mkasi na tupa viko tayari mezani. Sahani mpya ilitoka kwenye kifuniko cha debe la mafuta ya kupikia. Aliichora kwa msumari, akaikata, akaipiga tupa jino moja moja huku Mama akishika taa karibu na kulalamika kwamba chai inapoa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Ijumaa jioni ilikuwa tayari, inang'aa, na mimi nilikuwa na uhakika kwamba hakuna serikali inayoweza kuikataa.

Jumamosi mkaguzi alifika na gari la serikali, mtu mnene, mpole, ambaye alifungua mlango wa gari na kukaa hapohapo na redio yake magotini. Alisema atasikiliza kutoka hewani. Wanaklabu wanne watano walikuwepo, Bwana Ndirangu akiwa mbele, na wasichana wote wa mtaa walikuwa wamejipanga kando ya sakafu ya saruji, kwa kuwa nani alikosa habari hiyo? Baba aliketi kwenye kigoda chake. Nami nikasimama kwenye vyumba vya chaki. Watu wazima walidhani ninacheza. Hakuna aliyenifukuza.

Mota ikaguna. Ti-ti-ti-ti-ti. Miguu yangu ilikwenda yenyewe, lakini mimi nilikuwa nimefumba macho, nimeyabana, nisije nikaona uso wa mtu yeyote. Taa-taa-ti-ti. Sawa. Ti-ti-ti-ti, sawa, nne zote, asante Yesu, na sasa mrefu, na mrefu ukaanza, na mrefu ukakatika katikati. Ti... ti. Bati lile jipya lilikuwa laini mno. Jino pana lilikuwa limebonyea na kuacha kishimo.

Sikuwahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kutua kwa miguu miwili. Mwili wote ulishakuwa hewani ukiitafuta ile pa. Nikatua kwa mmoja. Halafu kwa mmoja tena.

"Nekesa amekosea!" wenzangu wakapiga kelele. "Aaaa, amekosea! Hata kuruka hajui siku hizi!"

Nilifungua macho. Baba alikuwa ameshaelewa. Hakuangalia gari wala watu, alishika sahani na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye lile jino. Kutoka kwenye gari mkaguzi akasema, "Hapana, hiyo siyo. Nawapa moja tu nyingine. Ikikosea, nafunga."

Dakika kumi! Baba aliwasha stovu ndogo ya mafuta ya taa, akaweka chuma cha kulehemu motoni. Nyuma yake Bwana Ndirangu alikuwa anaruka huku na huko: "Mzee, ni pale penye fupi nne! Mrefu wake wa mwisho! Mzee, unanisikia? Ni mrefu wa mwisho!" Baba hakugeuka. "Ona sasa!" Bwana Ndirangu akawaambia wenzake, machozi ya hasira machoni. "Namwambia, ananipa mgongo! Hata leo!" Na huku mkono wa Baba ulikuwa palepale kwenye mrefu wa mwisho, ukidondosha tone la lehemu ndani ya kile kishimo, moshi ukipanda, tupa ikipita juu, fyu, fyu, fyu. Nilimwona Bwana Ndirangu akinyamaza ghafla. Aliangalia mkono wa Baba. Akaangalia mgongo wake. Kisha akaniangalia mimi, miguu.

Baba alirudisha sahani, akaifunga kwa skrubu, akafuta jasho. Akanitazama. Hakusema usiongeze, usipunguze; hakukuwa na haja.

Mota ikaguna. Mara hii sikufumba macho. Tano, mguu mmoja. Miwili, miwili, mmoja, mmoja. Mmoja, mmoja, mmoja, mmoja, na mrefu ukaja mzima, mnene, wa moja kwa moja, nikatua kwa miguu miwili mpaka nyayo zikaniwasha. PA! Herufi zilizobaki niliziruka nikipiga mayowe, na wenzangu wote wakaingia vyumbani wakaruka pamoja nami, vumbi la chaki likitimka.

"Hiyo ndiyo," mkaguzi akasema garini, akiandika. "Sasa ni lenyewe. Endeleeni."

"Mzee, imekubali!" wakapiga kelele watu nyuma ya Baba. "Mzee, imepita!" Baba aliendelea kuikaza ile skrubu, akinitabasamia mimi.

Ndipo Bwana Ndirangu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka napata mtetemo. Hakupiga kelele. Alizunguka. Alipita kando ya mlango, akaja mbele, akachuchumaa kwenye saruji mbele ya kigoda mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Baba, akavua miwani yake, na akasema polepole, akifungua mdomo wote:

"Mzee. Imekubali. Ufunguo ni wako."

"Nimeona," Baba akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye gari. "Mtoto ameniambia."

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wameelewa wote, mmoja baada ya mwingine, na nilimwona Baba akiwatazama wakielewa. Alishika ufunguo pale kiunoni kwa mkono mzima. Nilidhani atalia, na mimi nilikuwa tayari kumfuata.

Bwana Ndirangu akarudisha miwani usoni. "Mzee," akasema, bado amechuchumaa, "mimi sikutaka kikadi. Mwaka mzima nimekuwa nakuja hapa kukuomba unifundishe hii sahani, na kila siku unanijibu sawa sawa, halafu hunifundishi."

Baba alimkodolea macho. Kisha akapiga kelele, kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Ala! Si ungeniambia!"